Chupa za Kitunguu Saumu Nilizompelekea Mkwe

Mwenyekiti wa kikundi chetu hapa Ngokolo ameniambia niandike safari hii badala ya kuisimulia, kwa sababu nikisimulia nagombana na wasikilizaji. Mimi niliishia darasa la nne. Ukikuta kosa, lirekebishe mwenyewe na uendelee kusoma.

Nilikwenda machimboni Geita kwa ajili ya mkwe wangu, mume wa Limi, binti yangu wa mwisho. Hapakuwa na msiba wala harusi. Ilianza hivi.

Kikundi chetu kinatengeneza maji ya kitunguu saumu. Tunamenya, tunatwanga, tunaacha vikae kidogo, tunakamua kwa kitambaa cheupe, tunatia asali. Akaja binti mmoja mtafiti, Rehema, anayesoma chuo. Anachunguza watu wanavyotumia kitunguu saumu kwenye chakula na kwenye afya. Alitukuta tunapima kwa kiganja, akaandika jambo refu. Alitukataza kuweka vitunguu saumu vibichi kwenye chupa ya mafuta na kuiacha kabatini, kwamba humo inaweza kukua sumu isiyo na harufu. Hapo nilianza kumheshimu, maana chupa hiyo nilikuwa nayo.

Siku yake ya mwisho akaniuliza, "Bibi, chupa zako wewe zinakwenda wapi?"

"Hapa mtaani. Mhunze kwa wifi yangu. Na Geita kwa mkwe."

"Mkwe anaumwa nini?"

"Haumwi. Anachoma dhahabu. Ninampa ili zebaki isikae mwilini."

Kalamu yake ikasimama. Kwa asiyejua, mchimbaji mdogo akishaosha mchanga wake huikamata dhahabu kwa zebaki, halafu huchoma lile donge motoni. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Moshi huo ukiuvuta unakaa mwilini, na hauondoki upesi. Hayo niliyajua. Ndiyo maana nilikuwa natuma chupa.

"Nani alikuambia kitunguu saumu kinatoa zebaki?" akauliza Rehema.

"Kinanuka vile, kitashindwa na nini?"

Hakucheka. Akasema, "Bibi, watu wanakichunguza kwa mambo mengi. Presha, mafuta kwenye damu, hata madini yanayoingia mwilini. Hawajamaliza. Lakini mtu anayevuta moshi wa zebaki, mimi sina karatasi hata moja ya kuniruhusu nimwambie kunywa hiki, utakuwa salama."

Akanipa fomu ya maswali. Mikono inatetemeka? Usingizi unakuja? Mdomoni kuna ladha ya chuma? Anachomea wapi? Chini kabisa kulikuwa na mstari wa kuandika jina. Akaniambia nimuulize mkwe hata kwa simu.

Nilimpigia Limi. Limi akasema, "Hajambo, mama, tena anasema dawa yako nzuri, lete chupa kubwa zaidi." Nikamuuliza mikono je. Akasema mikono ipo. Limi tangu mdogo hujibu hivyo akiwa na jambo. Na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yake ya kwanza. Nikafunga mzigo.

Tatizo lilikuwa moja. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwe hawazoeani. Tangu mkwe huyu alete ng'ombe sijamtazama usoni vizuri. Hatupeani mikono, hatuli chumba kimoja, na jina lake silitamki. Ningekuwa nimetumwa kumpima ng'ombe wake ingekuwa rahisi.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nilipanda basi la Kahama. Chupa sikubeba. Nilibeba kapu la vitunguu saumu vikavu, vya chakula, maana huendi kwa mtoto mikono mitupu. Mwanamume mmoja mwenye koti alikaa karibu yangu, akafungua dirisha, akalifunga kwa ajili ya vumbi, akalifungua tena.

"Bibi, hilo kapu linanuka."

"Linanuka chakula. Wewe unanuka nini?"

Hakunisemesha tena mpaka Kahama. Njia ilikuwa nzuri na pamba ilikuwa imeshavunwa. Kuhusu kipande hicho sina zaidi.

Saa nne nilikuwa Nyahanga, hapo hapo Kahama, kwa mdogo wangu Mbuke, ambaye anapika mgahawani na hucheka kabla hujamaliza sentensi. Nilimweleza. Akakaa chini kwenye gunia la mchele ili acheke vizuri.

"Dada, utamuuliza mkwe kama analala usingizi? Wewe? Unajua maana yake ukimuuliza mkwe habari za kulala?"

"Ni swali la pili kwenye fomu. Sikulitunga mimi."

"Na akikutetemeshea mikono utaionaje, umeinamisha kichwa kama bibi harusi?"

Hilo lilikuwa swali la kweli. Nilisonga ugali wake wa wateja nikilifikiri. Mwishowe Mbuke akafuta machozi akasema, "Kaeni na ukuta katikati. Limi apeleke maneno." Nikamwambia hilo nililijua. Sikuwa nimelijua.

Ijumaa, asubuhi, nilipata gari la Geita kupitia Kakola. Kutoka hapo nchi inabadilika. Vilima vimechimbwa na kuachwa wazi, maturubai ya bluu kila upande, na karasha, zile mashine za kuvunja mawe, zinapiga kelele mpaka meno yanahisi. Vijana wanatembea wamepakwa vumbi la mawe mwili mzima, wanasalimia vizuri. Nilisalimiwa shikamoo nyingi kuliko ninazopata Ngokolo kwa mwezi. Machimbo yenyewe sitayataja jina.

Saa nane mchana nilifika. Nyumba ya Limi ina vyumba viwili, na jiko liko uani, limejengwa kwa tope na kuezekwa bati. Nilipobisha hodi mbele nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na miguu ikitoka. Huyo alikuwa mkwe. Alikuwa na adabu kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Mama, nina mimba."

"Najua. Nakusalimia."

Nikaingia jikoni kuweka kapu. Juu ya kichanja, kati ya sufuria ya ugali na chumvi, kulikuwa na kopo la samaki lililoungua upande mmoja, na ndani yake majivu ya kijivu. Nikamuuliza Limi ni la nini.

"La kuchomea."

"Anachomea wapi?"

Akatazama mafiga. Moto wa dhahabu na moto wa maharage ulikuwa mmoja. Limi hukaa hapo kwenye kigoda kutwa nzima na tumbo lake. Nilitoa fomu, nikamwambia amwite mumewe akae nje, nyuma ya ukuta wa jiko, mimi nitakaa ndani, na yeye akae mlangoni.

Basi tukaanza. Ukuta ule una nyufa ambazo kuku anaweza kupitisha kichwa. Kila mtu alimsikia kila mtu.

"Muulize mkwe kama mikono inatetemeka."

"Mama anauliza kama mikono inatetemeka," Limi akasema.

"Mwambie mama haitetemeki," sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Anasema haitetemeki."

"Muulize kama kuna ladha ya chuma mdomoni."

"Mwambie mama ninahisi ladha ya kitunguu saumu tu."

Limi akacheka. Nikamtazama, akaacha. Lile swali la usingizi nililipunguza nikauliza kama anapumzika. Akasema anapumzika. Nikaandika anapumzika. Kwa majibu hayo mkwe alikuwa mzima kuliko mimi.

Ikabaki mstari wa jina. Nilipitisha fomu na kalamu kwenye ufa, nikamwambia Limi amwambie aandike jina lake kamili. Ikachukua muda. Mwanamke mzee wa nyumba ya jirani alipita akasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila", akaona mtu amekaa upande huu wa ukuta na mwingine upande ule, akaendelea na safari yake.

Fomu iliporudi niliitazama. Cheti chao cha ndoa ninacho mimi, nakitunza sandukuni, na sahihi ya mkwe pale imenyooka kama uzi wa fundi. Hii ya kwenye fomu ilikuwa imepanda, imeshuka, imekatika katikati, kama mtu aliyeandika juu ya gari la Kakola. Kumbe hilo ndilo swali lenyewe, na Rehema hakuniambia.

"Muulize," nikasema, "kile chombo cha chuma cha kufungia moshi, alichopewa na wenzake, ulichowahi kuniambia, kiko wapi?"

Hapa mkwe hakusubiri Limi. Alijibu kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua.

"Mwambie mama kile nilikiweka kando tangu dawa yake ifike. Kinachelewesha sana. Mwambie dawa yake sijaruka hata siku moja. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, hata inapochoma tumbo. Siwezi kuacha kitu alichoniletea mama."

Limi akafungua mdomo ayarudie. Nikamwambia nimesikia.

Niligeuka. Kwenye kichanja, nyuma ya lile kopo, chupa zangu tupu zilikuwa zimepangwa sita, zimeoshwa, vifuniko vimefungwa. Nilimletea mtu chupa ili apone asichoumwa, akaacha kujikinga, akaumwa. Na moshi ule binti yangu anauvuta, na aliye tumboni.

"Limi, mwambie mkwe nimekosea."

Limi akaanza kukunja pindo la kanga yake.

"Mwambie."

"Mama, hilo silisemi."

"Kwa nini?"

"Hujawahi kulisema. Sijui linasemwaje."

Limi akageukia nje akasema, "Mama anasema upunguze kidogo dawa." Mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Nikasimama, nikaweka mdomo karibu na ufa, nikaita jina lake.

"Maduhu."

Limi akashika kichwa. Yule mzee wa jirani, ambaye kumbe hakuwa amekwenda mbali, niliona kanga yake imesimama.

"Maduhu, mimi mama wa Limi ndiye ninayesema. Nimekosea. Maji yangu ni ya chakula. Zebaki hayaitoi. Sikumuuliza mtu, nilifikiri tu, nikatuma. Mikono yako inatetemeka, usinidanganye, nimeiona kwenye karatasi. Usichome tena jikoni. Chombo kirudi. Kesho utakwenda zahanati na mke wako, na hiyo dawa nakukataza kwa mdomo wangu."

Kisha nikakaa. Sasa mtu angetegemea ajibu. Mkwe humjibu Limi, huwajibu wenzake machimboni, na hata mtu wa afya aliyepita kuwaonya walibishana naye, Limi aliniambia. Lakini mama mkwe hajibiwi. Nilisikia kigoda kikisogea, na miguu ikiondoka polepole. Basi.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, kopo halikuwapo kwenye kichanja. Nililikuta mbali, ng'ambo ya choo, mahali upepo unapopita, na kile chombo cha kufungia moshi kimekaa juu ya mafiga mapya matatu. Nikamwambia Limi apake udongo mpya jikoni, sakafu na kuta, ila si yeye, atafute mtu.

Tukaenda zahanati. Mkwe mbele, Limi katikati, mimi nyuma kabisa nikitazama visigino vya Limi. Muuguzi akauliza, "Mmekuja pamoja?" Hakuna aliyejibu. Akachukua mkojo wa wote wawili upelekwe kupimwa hospitali kubwa, akamsikiliza mtoto tumboni kwa kile kipembe chake. Akaniambia mapigo ni mazuri, kwa sasa. Niliuliza "kwa sasa" maana yake nini. Akasema maana yake ni kwa sasa.

Mchana nilipika mchicha na vile vitunguu saumu nilivyobeba. Nilivitwanga, nikaviacha vikae kabla ya kutia motoni kama Rehema alivyotufundisha. Sahani ya mkwe ilipelekwa nje. Ilirudi tupu.

Jumapili nilirudi. Nyahanga nilishuka nikamweleza Mbuke. Nilipofika pale nilipoita jina, aliacha kucheka.

"Ulimwita?"

"Nilimwita."

"Utalipa mbuzi wa kuvunja mwiko."

"Nimeshamchagua."

Ngokolo nilimkabidhi Rehema fomu. Nilimwambia majibu yote ya juu ayafute, asome mstari wa chini peke yake. Aliusoma, akaikunja fomu vizuri. Kisha kikundi kikakaa, tukabandika karatasi mpya kwenye chupa zote. Wenzangu walitaka yaandikwe mengi. Nilitaka maneno mawili: Ya chakula. Mwenye presha, mwenye kusubiri kupasuliwa, mwenye kumeza vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, sisi tunamwambia aulize hospitali kwanza. Wateja wengine wameondoka. Waende.

Nilichojifunza ni hiki. Dawa ikitoka kwa mama mkwe hainywewi kwa sababu ya ugonjwa, inanywewa kwa heshima, na heshima haipimwi na mtu yeyote. Kwa hiyo anayetuma ndiye anayepaswa kuuliza kabla.

Limi amejifungua mtoto wa kike. Analia sana, na muuguzi anasema hiyo ni kazi yake. Ataendelea kuangaliwa.

Mkwe hajanisemesha, na mimi sijamsemesha, mambo yamerudi kama yalivyokuwa. Ila mwezi ule ule, dereva wa gari la Kahama aliniletea bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi ya daftari, haina salamu wala habari, ina jina lake tu limeandikwa katikati. Mwezi uliofuata ikaja nyingine. Sasa ziko tatu. Nazipanga mezani chini ya cheti cha ndoa, navaa miwani, naangalia. Ile ya kwanza imepanda na kushuka kama fomu. Ya pili haijakatika. Ya tatu inakwenda sawa mpaka karibu na mwisho, halafu herufi mbili zinayumba.

Nasubiri ya nne.