Kina cha Mkongo Kwenye Ntumba

Kwetu Ufipa, mtu akifukia kitu shambani mwako humwachi aondoke hivi hivi. Kwa hiyo sikushangaa yule bibi wa nje kidogo ya Mazwi alipokuja kusimama kando ya mtaro wetu uliokatiza shamba lake, jembe begani. Enzi hizo kampuni za simu zilikuwa zinamiminika mjini, nami nilisimamia vibarua wa kufukia mkongo. Nilimwamkia, nikamweleza kuwa ni nyuzi za kioo za kupitisha simu, hazina shaba ndani. Hakuniamini. Na mimi sikumwamini.

Kesho yake alirudi na swali. "Mjukuu wangu, mmeufukia kina gani, na mmepimia wapi?"

Bibi mkulima anataka kina cha nini? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea; huyu katumwa na wezi wa waya wa shaba. Nikamjibu kwa mkato kwamba hayo hayamhusu.

Msimu uliofuata simu zilikatika. Tulikuta mkongo umekatwa kwa jembe shambani kwake, na utepe wetu wa njano wa tahadhari, ulioandikwa Kiingereza, umefungiwa mbuzi wake. Nilifurahi, sifichi. Niliwaambia mgambo mwizi ndiye huyu, wakampeleka ofisi ya kata asubiri polisi.

Fundi mkuu wa kampuni alifika na futi yake. Akapima kutoka ardhi tambarare: mkongo ulikuwa chini kiasi cha shubiri moja tu. Aliniuliza mita moja niliyoandika kwenye ripoti imekwenda wapi.

Nikalitazama shamba, nikaelewa. Sisi tunalima kwa ntumba, vichuguu vya udongo tunavyorundika juu ya majani mpaka vifike karibu na kiuno, halafu msimu ukigeuka tunavivunja na kuvisambaza. Nimelelewa humo, na kwangu shamba linaanzia juu ya ntumba. Ndiko nilikoegesha futi. Bibi alivunja ntumba zake kama kila mwaka, na jembe likaufikia mkongo.

Nilikwenda ofisi ya kata kwa miguu, aibu imenijaa. Alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, kanga imefungwa kifuani, macho sakafuni. Nilimwambia mtendaji mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu, amwachie. Kisha nikampa bibi shikamoo, nikamwomba radhi.

Aliitikia marahaba, akainuka taratibu akishika ukuta.

"Nilikuuliza, mjukuu wangu," akasema. "Nilitaka nisiukate."