Jumapili Nilipomfuata Baba Ntalikwa

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nikiwa nimesahau nilichokula jana. Nilikuwa nimeegemeza baiskeli kwenye mti wa mninga kule Ntalikwa, kijiji cha nje ya mji wa Tabora, nikimchungulia baba yangu mzazi kama askari anayevizia mwizi. Nitakueleza nilifikaje pale, kwa sababu nasikia baba yako naye amekaribia kustaafu, na kwamba umeanza kulalamika kuwa siku hizi haeleweki.

Baba yangu alikuwa mhunzi katika karakana ya reli, Tabora. Tangu utotoni nilimjua kwa harufu ya makaa na kwa makovu madogo madogo ya cheche mikononi. Kwa mikono hiyo alinisomesha hadi kidato cha nne, nikapata kazi ya ukarani na kuvaa shati jeupe. Tuliishi katika nyumba ya reli, na sote tulijua kwamba baba akistaafu nyumba itarudishwa. Hilo halikututia hofu. Miaka yote alituambia kwamba tutarudi kwao, upande wa Isikizya, ambako babu aliacha nyumba na shamba.

Zilikuwa nyakati za Ujamaa, na za kuchunguzana pia. Sukari ikiadimika, mtu alitupia jicho kapu la jirani. Mikutanoni tuliambiwa tuwafichue wanaoficha bidhaa, na mimi kijana msomi niliyapenda sana maneno hayo. Nadhani niliyapenda hadi nikayaleta nyumbani.

Mwaka wake wa mwisho kazini, baba alianza kutoweka kila Jumapili. Akishaswali adhuhuri anapanda baiskeli, na jioni anarudi amechoka, lakini ameshaoga. Mama akimuuliza, anasema alikuwa na shughuli. Kisha vitu vikaanza kuondoka nyumbani. Kwanza karai. Halafu kitanda cha chuma nilichokilalia nikiwa mtoto. Halafu siku moja, nikitafuta pampu ya baiskeli katika mfuko wake wa vifaa, nikaona doti ya khanga mpya. Wakati huo khanga ilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Nikangoja ampe mama. Wiki zikapita, hakumpa.

Jioni moja nilimpitia karakanani. Getini alisimama Mzee Mwinshehe, fundi mwenzake, Mzaramo aliyeletwa na reli kutoka pwani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hachungi mdomo.

"Mpisheni bwana harusi," alitangaza. "Mtumwa wangu huyu ameoa Ntalikwa bila kuniomba ruhusa. Na kitanda ameshapeleka."

"Hata ningeoa nisingekualika," baba akajibu. "Wali wote ungeumaliza wewe."

Watu wote pale getini wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza habari za kitanda amezijuaje.

Kesho yake nikamweleza mama yote: Jumapili, kitanda, khanga, Ntalikwa. Alikuwa anachambua mchele.

"Huyo mwanamke umemwona?" akauliza.

"Sijamwona, mama, lakini mambo si yanaonekana?"

Akaendelea kuchambua. Tangu siku hiyo akawa anamwekea baba chakula mezani, kisha anatoka kukaa uani. Baba alikula peke yake huku akitazama mlango, na hakuuliza kitu. Hata kimya chake nikakihesabu kuwa ushahidi.

Ndipo ikaja ile Jumapili, nikamfuata kwa mbali. Kutoka nyuma ya mninga niliona nyumba ya matofali mabichi, bado haijaezekwa. Baba alikuwa amekunja suruali hadi magotini, anakanyaga udongo. Karai letu lilikuwa kichwani kwa Mzee Mwinshehe. Kitanda changu kilikuwa dirishani. Baba alikuwa amekikatakata na kukifua upya, kimekuwa nondo. Mwanamke hakuwepo. Nikageuza baiskeli niondoke, lakini Mzee Mwinshehe alikuwa ameshaniona, akaniita kwa mkono.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Hakuacha kukanyaga. "Umekuja kunisaidia au kunikamata?"

Mzee Mwinshehe akatua karai.

"Kijana, nilisema vile getini ili watu wacheke, wasiulize wazee wawili wanakwenda wapi na karai kila Jumapili. Na kweli walicheka. Ukasadiki wewe peke yako, mtoto wake wa kumzaa?"

Baba akanieleza kwa maneno machache. Jamaa zake wa Isikizya walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya. Nyumba ya babu ilikuwa imeanguka na shamba limegawiwa wengine. Hatukuwa na pa kurudi. Hakutaka mama akose usingizi, wala mimi niache kazi yangu nije kukanyaga udongo. Alitaka amalize kwanza, kisha amlete mama na kumkabidhi ile khanga mlangoni.

"Mama nimeshamwambia," nikasema. "Nilimwambia umeoa."

"Nilihisi," akajibu. "Habari uliipeleka wewe. Nenda ukairudishe wewe."

Nilirudi mjini nikisukuma baiskeli. Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo Isikizya hakuna kitu," akasema. Kisha akachukua ndoo, akakaa nyuma ya baiskeli, nikampeleka. Baba alipomwona alitoa ile khanga katika mfuko wa vifaa, akampa hivyo hivyo, vidole vimejaa tope. Mama akajifunga kiunoni, akaenda kuteka maji. Ile siku ya mlangoni ambayo baba aliipanga kwa miezi, niliiharibu mimi.

Tulihamia pale, na baba hakunikemea tena hata kidogo. Lakini tangu hapo hakutoka nyumbani bila kuniaga. "Naenda Kanyenye kununua misumari." "Naenda msikitini, nitachelewa kidogo." Mzee mzima anasimama mlangoni kunieleza mimi aendako. Nilimwomba aache. Akasema, "Usije ukahangaika, mwanangu," kwa upole, bila kejeli. Aliendelea hivyo hadi alipofariki, na kila mara nilitazama chini.

Mwanangu, baba yako akifanya usichokielewa, muulize yeye kabla hujamuuliza mtu mwingine. Huenda kuna mzigo ambao hataki ukulemee. Na umshukuru angali anavaa nguo za kazi. Shukrani zangu mimi nilizitoa siku ya maziko. Watu wote walizisikia isipokuwa aliyestahili.

Mungu amfikishe baba yako salama mwisho wa kazi yake. Akujalie moyo mweupe, ili mzee wako atoke nyumbani kwako bila kulazimika kusema aendako, na akirudi akukute umemfungulia mlango.