Korongoni Alikobaki Bibi

Mama yangu hakuwahi kumlilia mama yake. Tulikaa Kasubi, Kampala, miaka ishirini na kitu, chumba kimoja cha kupanga, tukaenda matanga ya majirani, ya wateja wake wa vitenge, hata ya mwenye nyumba aliyekuwa akitutukana kila mwisho wa mwezi. Matanga ya bibi hayakukaliwa. Kwetu Kongo hukai matanga kwa kukisia. Lazima awepo mtu aliyeiona maiti, au walau kaburi, na sisi tulichokijua ni jiwe tu alilokalia mara ya mwisho.

Jiwe hilo liko katika korongo la milima ya Rwenzori, upande wa Uganda. Vita vilipotufukuza, Mama alivuka mlima kwa miguu pamoja na majirani, bibi nyuma yake, mimi mgongoni, mtoto wa miezi minne. Korongoni goti la bibi likagoma. Akakaa juu ya jiwe pana kando ya mto, akasema tangulieni, nikipumzika nitawafuata. Blanketi langu lilikuwa limechukuliwa na maji. Basi Mama akamvua bibi kitenge alichojitanda mabegani, akanifunga nacho, akaondoka. Alinisimulia hayo mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na mitano, akiwa amenipa mgongo anamenya matoke. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikatoka nje nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Kisha figo zake zikakataa kazi, na daktari akatuambia tumrudishe tu nyumbani. Jioni ile akaniita kitandani.

"Mwanangu, nenda fasi ile. Uone kama kuko mifupa. Sitaki kufika kwake na sijamulilia."

Nikamwambia, Mama, mimi ni fundi cherehani wa Mengo, mlima wangu mkubwa ni ngazi za ghorofa ya tatu. Nilitaka acheke. Hakucheka. Nikamwachia dada mmoja wa kanisani amwangalie, nikapanda basi la Kasese, mji ulio chini ya milima hiyo.

Aliyenipandisha mlimani alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu, mwenye Kiswahili cha kambini. Alitazama viatu vyangu, akaingia ndani akanitolea gambuti za mkewe. Nilizivalia uani kwake, nimeegemea mgomba. Akaniuliza nakwenda kutafuta nini kule juu. Nikamjibu nakwenda kutazama tu. Mkimbizi akikulia Kampala hujifunza mapema kutomwaga habari zake kwa kila mtu, hasa kwa mtu aliyewahi kuvaa sare.

"Dada, hii korongo si ya kucheza," akasema. "Pale mimi nakanyaga, na wewe nakanyaga."

Nilikanyaga pale alipokanyaga, na bado nilianguka mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Njia ilipita kwenye mianzi minene, halafu ikashuka korongoni ghafla, na hapo haikuwa njia tena. Ilikuwa mizizi, tope la magotini na mawe yaliyoota kuvu, yanateleza kama sabuni. Kuta mbili za mwamba zilisimama huku na huku, zinavuja maji, na mto chini ulikuwa ukipiga kelele hata ikabidi mzee anionyeshe kwa mkono. Jua halifiki mle. Meno yangu yaligongana, nami nimevaa sweta mbili na koti. Kila hatua nilikuwa nikimuwaza mwanamke mzee aliyeachwa hapa na blauzi moja. Nikaanza kulia nikitembea, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na niliomba mzee asigeuke.

Jiwe nililitambua mara moja, kwa jinsi Mama alivyonieleza. Ni pana, limelala kama meza, pale mto unapokata kona. Nikapiga magoti. Nikafukua majani kwa mikono, nikachimba tope chini yake, nikazunguka, nikachimba tena. Kucha zikakatika. Sikupata mfupa, sikupata kifungo, sikupata kitu.

"Dada, wewe napoteza nini?"

Ndipo nikamwambia yote. Mzee akavua kofia, akakaa polepole juu ya jiwe.

"Ile mama ya Kongo? Ya goti?" Akanitazama sana. "Yeye hapana kufa hapa."

Wakata mianzi walimkuta kesho yake asubuhi, akasema, yuko hai. Wakambeba mgongoni mpaka kijijini. Aliishi miaka minne katika nyumba ya mama mkwe wa mzee huyu, jirani na kwake, akichambua maharage na kuwagombeza watoto kwa Kiswahili. Nikamuuliza, karibu kwa kelele, mbona hakututafuta.

"Watu walikuja, nasema wale wametangulia, waasi wamekamata pale daraja, wote kwisha. Kumbe ilikuwa watu wengine. Yeye naamini. Alikata nywele yote. Alikaa chini siku tatu nalia. Ile mtoto ndogo, ndiyo alikuwa nalilia sana."

Mtoto mdogo ni mimi. Nimekaliwa matanga nikiwa nanyonya Kampala.

"Na kaburi?"

"Kwangu. Nyuma ya ule mgomba wewe alivalia gambuti." Akatikisa kichwa. "Kwa nini wewe hapana sema?"

Tuliteremka hadi kwake. Kaburi lilikuwa limepaliliwa vizuri, lina mawe pembeni. Nilisimama hapo mpaka mke wake akaja kunishika mkono.

Nilipofika Kasubi nilikuta wanawake wa kanisa wameshaleta mikeka na sufuria, maana Mama alikuwa amewaambia mwanangu akirudi tutalia. Nikaketi kando ya kitanda nikamweleza kila kitu: wakata mianzi, maharage, nywele, kaburi. Nilidhani habari hiyo ingempa nafuu, kwamba hakufa kwa baridi.

"Miaka ine," akasema. "Alikuwa ku Kasese miaka ine?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi ya asubuhi inafikaka kule mbele ya giza."

"Ndiyo, Mama."

Akageuzia uso ukutani. Kisha akasema, "Bambie barudie kwabo. Mimi sina haki ya kumulilia."

Wakakunja mikeka. Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo, na sikumwona akitoa chozi hata moja. Alikuwa akitazama ukuta, mara nyingine midomo ikicheza, kama anayefanya hesabu ya safari ambazo angeweza kwenda. Alifariki hivyo.

Kutoka Kasese hadi Kampala nilikuwa na saa saba ndani ya basi. Zilitosha kutunga uongo mmoja mfupi: alikufa usiku uleule, Mama, usingizini, na kaburi lake nimeliona. Mtoto wa miaka sita angeutunga. Mimi nilikaa dirishani safari nzima nikijipanga nisisahau kumwambia kitu hata kimoja.