Jua la Mzee Machela

Jua la asubuhi lililokuwa la Mzee Machela sasa ni langu. Sikumwibia; nalilipia kodi. Ghorofa letu lilijengwa likabanana na ukuta wa ua wake, na mimi, fundi cherehani ambaye mume wangu aliondoka akaniachia cherehani tu, nikapata chumba cha juu chenye dirisha linalotazama kwake. Nashona kwa mwanga wake. Huko chini kulibaki kivuli kutwa nzima, isipokuwa kipande kimoja cha jua kilichopenya kati ya ghorofa na tangi la maji, upana wake kama khanga iliyotandikwa. Kilianzia getini, kikatambaa uani taratibu, kikaishia kwenye ukuta wa jiko.

Mzee alikifuata kila kilikokwenda. Alikuwa na mawaridi kwenye ndoo kuukuu za rangi, yaliyopandwa na marehemu mkewe, na waridi halitaki mchezo na jua. Basi asubuhi alizipanga ndoo getini. Jua likisogea, naye anazisogeza. Likifika kisimani, ndoo ziko kisimani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akisukuma machela hospitalini, na jina likamganda hata baada ya kustaafu. Nadhani mikono yake haikuwahi kuambiwa kwamba kazi imekwisha.

"Mzee Machela yuko zamu!" walipiga kelele wanawake wakianika nguo barazani kwao. Nilicheka nao. Ila mimi ninayekula chakula cha jioni nikitazamana na ukuta, sijui nilikuwa na ubavu gani wa kumcheka mtu.

Mawaridi hayakuridhika na jua la kuombaomba. Yalirefuka shingo, majani yakaingia madoa meusi, maua yakawa madogo, kisha yakakoma kabisa. Mzee alijikaza kisabuni. Binti yake, aliyeolewa mbali kwenye nchi za baridi, alisikia habari hizo kwa simu akamtumia pakiti za mizizi ya maua ya kupanda, zenye picha nzuri za majani mapana ya buluu. "Haya yanapenda kivuli, baba," alimwambia. Mzee akayapanda kwa heshima zote. Yalichipua, tukayaona, tukapiga vigelegele toka madirishani. Mvua za joto zilipoanza, yakaoza yote kuanzia shinani, yakanuka.

Siku hiyo nilimkuta getini amevaa shati la kutokea. Alikuwa anakwenda njia panda kwa Mama Miche, mwanamke anayeuza mimea kando ya barabara. Nami nilitaka uzi, tukafuatana.

Mama Miche alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa kwenye udongo.

"Mzee wangu, binti yako hakukudanganya," alisema. "Hayo yanapenda kivuli, lakini kivuli cha kwao. Kivuli cha kwao kina baridi. Cha kwetu kina joto na jasho. Ni kama koti la manyoya: zuri, lakini utalivaa wapi huku?"

Nilicheka, kwa kuwa makoti nayajua.

Akaanza kumuuliza. Ua unapata jua kiasi gani? Udongo ukinyeshewa unakauka upesi au unakaa na maji? Upepo unapita, au hewa imesimama? Mzee alijibu kila swali kwa sauti ya chini, kama ndugu anayemweleza daktari hali ya mgonjwa. Mama Miche akaanza kumtolea mimea: begonia, mimea ya bizari ya manjano, mimea ya jamii ya magimbi yenye madoa mekundu kwenye majani, na yale majani ya kando ya mto yanayokunjua ncha zake kama mkia wa kinyonga.

"Hii yote imezaliwa chini ya miti mikubwa," alisema. "Hapo ghorofa lenu litakuwa mti wao."

"Na mawaridi yangu?"

"Sikio la kufa halisikii dawa, Mzee."

Mzee alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Mimi sijawahi kumwacha mgonjwa kwenye korido," alisema. Lakini alinunua.

Njiani, huku nimemsaidia kubeba begonia, nilimwambia anipe mawaridi niyaweke dirishani kwangu. "Jua lako si liko kwangu, Mzee? Yatapona."

Alifikiri kwa hatua kadhaa. "Ngazi zote zile, na magoti haya, nitayafikiaje?"

"Nitayaangalia mimi."

"Ndiyo," alisema. "Utayaangalia wewe." Hakunipa. Mvua hazijaisha, waridi la mwisho likakauka.

Mimea ya Mama Miche haikuuliza mtu. Ilitanda. Majani ya mto yalifunika ukuta wa ghorofa letu, magimbi yakafungua majani makubwa kama sinia, begonia zikachanua palepale gizani. Wanawake wa barazani waliacha kucheka, wakaanza kuomba vipandikizi. Nikajisemea, afadhali, Mzee sasa atapumzika.

Alipumzika, na pumziko hilo likawa baya kulitazama. Alikaa kwenye kigoda katikati ya ua mzuri kuliko wote mtaani, mikono juu ya mapaja, akitazama kipande cha jua kikipita bila yeye kubeba chochote.

"Bustani imependeza, Mzee," nilimwambia siku moja.

"Haina shida," alijibu. "Hata maji haitaki kila siku. Juzi nilijisikia vibaya nikashinda ndani. Haikujua."

Nilipanda ngazi zangu nikalia kidogo, kwani na mimi ningeweza kushinda ndani, asijue mtu.

Asubuhi moja, nikiwa napachika zipu kwenye gauni la mtu, nilimwona anatoa ndoo moja ya begonia kwenye kivuli chake kizuri na kuipeleka getini, palepale jua linapoanzia.

"Mzee! Hiyo si ya juani!"

Alinipungia mkono, akaketi. Jua lilipojitokeza na kugusa jani la kwanza, aliinuka kwa haraka, magoti na yote, akaibeba mpaka ukutani. Akaipangusa majani. Kesho yake akaitoa tena.

Niliacha gauni chini ya sindano nikashuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama Miche alisema jua kali litaiunguza."

"Najua. Siiachi iungue. Naiwahi." Alikuwa anatazama getini. "Tangu mwenzangu aondoke, na yale mawaridi yake, sina ninayemuwahi."

Jua lilikuwa limekwisha kufika kwenye kizingiti cha geti. Mzee akainuka, nami nikashika mkono wa ndoo upande wa pili. Haikuwa nzito, yeyote kati yetu angeibeba peke yake. Tuliibeba wawili, polepole, mpaka ukutani.