Mirija Miwili ya Shangazi Paskazia

Mwezi uliopita daktari alimfanyia shangazi yangu Paskazia upasuaji wa goti lililovunjika, akakuta mfupa mweusi. Alinionyesha picha kwenye simu, akauliza shangazi amekuwa akitumia dawa gani.

Nilipokuwa mtoto kijijini Murusagamba, weusi huo tuliuona kwenye ufizi tu, shangazi alipocheka. Jirani yetu, Bibi Skolastika, alituonya: "Anayewawekea watu sumu, sumu humrudia mifupani. Mtazameni ufizi."

Shangazi alitengeneza rubisi, pombe ya ndizi, kama wengine. Alichomeka mirija miwili kwenye kibuyu akanywa kwanza, kama mwenyeji anavyotakiwa, mgeni asiwe na shaka. Wageni walikataa kwa adabu.

"Leo niko kwenye dozi, Paskazia."

Kisha wakaenda kunywa kwa Skolastika.

"Murusagamba nzima iko kwenye dozi," shangazi alisema, akanywa peke yake.

Aliyekuwa kwenye dozi kweli ni yeye. Majipu ya kwapani yalikuwa yakimrudia, na kwa miaka mingi alimeza vidonge vya antibiotiki. Daktari alinieleza kwamba baadhi ya dawa hizo, zikitumiwa muda mrefu, huacha rangi kwenye mfupa. Ufizi ni mwembamba, hivyo rangi ya mfupa wa taya huonekana.

Nilifurahi. Nikaenda kwa Skolastika na ile picha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nilimweleza yote. Aliishika simu mbali na uso.

"Kwa hiyo wamempasua, wakaona kwa macho?"

"Wameona. Ni dawa, bibi."

"Mweusi?"

"Mweusi, lakini..."

"Basi. Mimi nilisema hayo wewe hujaota hata meno."

Kazi yangu ni habari: kuthibitisha jambo, kisha kuwapelekea watu. Hili nililipeleka kwa miguu yangu hadi mlangoni, likapokewa kama ushahidi dhidi ya yule niliyetaka kumsafisha. Kufika jioni, wengi walikuwa wamesikia habari ya mfupa. Habari ya vidonge sikusikia mtu akiitaja.

Jumapili shangazi, ambaye sasa anatembea kwa magongo, aliketi uani na kibuyu. Watu waliotoka misani walitusalimia kutoka barabarani, wakapita. Alichomeka mirija miwili, akanywa kwanza.

"Na wewe uko kwenye dozi?" aliniuliza.

Nikanywa. Tulikaa mpaka jua likazama. Hakuna mwingine aliyeingia.