Bunduki Iliyomtii Polepole

Mdogo wangu ni fundi wa bunduki, na watu wamempa jina la Polepole. Hawakukosea. Hufunga mlango kwa vidole viwili, na akikaza skrubu utadhani anamvisha mtoto mchanga soksi. Mimi dada yake nabamiza. Kabati, sufuria, mlango wa choo, vyote vinanijua. Mume wangu kila siku: "Taratibu, mama, nyumba itatuangukia."

Mume wangu huyo kazi yake ni kusoma nyayo za nguruwe pori wanaomaliza mashamba ya watu. Yeye hutangulia, mwindaji anafuata na bunduki. Mwindaji tunamwita Kapteni, ingawa jeshi amelisikia redioni tu. Juzi bunduki ikalia yenyewe, risasi ikampita mume wangu sikioni.

"Naapa sikugusa kifyatuo," Kapteni akasema. Nani amwamini? Hata hivyo akaileta kwa fundi, bunduki kuukuu ya marehemu baba yake, kitako kimefungwa waya. Ataifuata saa kumi jioni, kesho alfajiri wanarudi porini. Mume wangu akasema sawa. Eti sawa! Na sikio bado linamvuma.

Basi nikahamia karakana: chumba kimoja, meza yenye jiriwa la kubania vyuma, harufu ya mafuta mpaka kwenye nywele. Polepole akahakikisha mara mbili kwamba haina risasi, akaelekeza mtutu kwenye gunia la mchanga pembeni. Akavuta komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, akalirudisha, akalilaza. Kimya. Akagonga kitako kwa nyundo ya mpira. Kimya. Kufika saa nane alikuwa amerudia mara arobaini, na bunduki imetulia tuli.

"Nzima hii, dada. Ni kidole chake tu Kapteni."

"Una hakika?"

"Sijaona kitu."

"Sikukuuliza umeona nini. Una hakika?"

Akaanza upya. Kila nikitazama saa ya ukutani naona mgongo wa mume wangu, na mtutu ule nyuma yake.

Saa tisa na nusu uvumilivu ukaniishia. "Hebu lete hapa!" Mtutu nikauacha palepale kwenye gunia, nikavuta komeo, nikalibamiza kwa kiganja kama kabati langu la jikoni.

Ta!

Pini, ile inayogonga risasi, ilikuwa imepiga yenyewe, na kidole changu kilikuwa mbali na kifyatuo.

"Rudia," akasema. Nikabamiza mara tano. Ikapiga mara tatu.

Akaifungua kwa haraka, haraka ambayo sijawahi kumwona nayo tangu tuzaliwe. Akatoa kijino cha chuma kinachoshikilia pini mpaka uvute kifyatuo. Ukingo wake ulikuwa laini, unang'aa. Ukifunga kwa upole, kinashika. Ukibamiza, kinateleza. Na mtu aliyeona nguruwe anakimbia hafungi kwa vidole viwili.

"Kumbe kimechakaa," nikasema.

"Hakijachakaa." Akaketi. "Mwaka jana Kapteni alilalamika kifyatuo kigumu. Nikakipiga tupa kikalainika. Nikakijaribu hapahapa, kwa mikono yangu hii, nikaona kizuri."

Matusi yalishanifika mdomoni. Kisha nikaona anavyoitazama mikono ile, nikayameza, sijui niliwezaje.

Saa kumi Kapteni akaingia, mume wangu nyuma yake. Polepole akawaeleza yote, hakuficha hata tupa. "Kosa ni langu. Haitoki humu mpaka niweke kijino kipya."

"Kesho nitaifunga taratibu," Kapteni akasema.

Na mume wangu, jamani, akaitikia! "Tuache twende, shemeji. Watu wanatusubiri mashambani."

Polepole akachukua kile kijino, akakiweka kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Haya, Kapteni, mwombe dada."

Kapteni akanitazama usoni. Hakuomba.

"Nani aligundua kosa lenyewe?" mume wangu akauliza.

"Mkeo. Kwa hasira zake."

Akacheka. Halafu mkono wake ukaenda sikioni, kicheko kikakatika. Tulipotoka akaniambia, "Leo ubamize tu mlango, mama."

Sikuweza. Mkono mmoja ulikuwa na kijino, wa pili umemshika yeye, na sikutaka kumwachia. Mlango tukauacha wazi.