Akuwam Mpoteza Mbuzi

Ukitaka kumwelewa Akuwam, anza na wale mbuzi walioliwa na fisi. Yeye mwenyewe huanza hapo, tena kwa kujivuna, kama mtu anayetaja shahada yake.

Alizaliwa Lokori, binti wa boma la wafugaji, siku ambayo upepo ulikuwa unatia mchanga mpaka ndani ya maziwa. Alipoanza kutembea bila kuanguka alipewa vibuzi achunge karibu na nyumbani. Alipokua kidogo akaongezewa mama zao. Kila alichopewa alikirudisha kimepungua. Hakuwa mvivu. Tatizo lilikuwa macho. Akiona kichuguu, alikaa chini kukipeleleza. Akiona msafara wa siafu, aliufuata mpaka kwao. Jioni moja alirudi bomani na kundi lililopungukiwa kiasi kwamba hata mbwa walitazama nyuma yake kuona kama wengine wanakuja. Baba yake hakumpiga. Alikaa kwenye kigoda chake, akatema tumbaku, akatoa hukumu:

"Huyu mpelekeni shule."

Usije ukadhani mzee huyo alikuwa mpenda maendeleo. Katika maboma mengi ya huko, mtoto hodari alibaki na mifugo, kwa sababu mifugo ndiyo mali, na mali haikabidhiwi mzembe. Shuleni walipelekwa waliobaki: aliyepoteza mbuzi, mwenye mguu mbovu, na yule anayezungumza peke yake. Halafu watu wanashangaa kwa nini ofisi zetu za serikali ziko vile zilivyo.

Basi mpoteza mbuzi akasoma, akafika mpaka chuo kimoja cha ualimu mjini Lodwar. Mwaka 2012 alikuwa amepanga chumba Nawoitorong, na alikuwa amejiunga na kundi la wanafunzi waliojitolea kutetea haki za watoto na elimu. Wengi walijiunga kwa ajili ya fulana. Ilikuwa fulana nyeupe, imeandikwa Kiingereza kingi kifuani, na kwa vumbi la Lodwar ilidumu nyeupe mpaka saa nne asubuhi. Kulikuwa na semina, chapati, na mtaalamu kutoka Nairobi aliyebandika makaratasi makubwa ukutani na kuwauliza, "Mtoto ni nani?" Watu wazima waligawanywa katika makundi kulijadili swali hilo, na wakaripoti kwamba maoni yanatofautiana.

Chapati zilipokwisha, kundi nalo likapungua. Akuwam alibaki. Jumamosi alikuwa akizunguka nyuma ya vibanda vya chai akiwakusanya watoto wanaoosha vyombo, kisha anawafundisha kusoma kwa kuandika na mkaa kwenye ukuta wa mwenye nyumba wake. Mwenye nyumba alipiga kelele, akapaka chokaa. Akuwam alimshukuru sana, kwa sababu mkaa huonekana vizuri zaidi juu ya chokaa.

Aliyebaki naye alikuwa Madut, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa kambini Kakuma tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Madut alikuwa mrefu kiasi kwamba katika kila mchezo wa kuigiza wa kundi lao alipewa sehemu ya Sheria. Desemba hiyo, chuo kilipofunga, alimwambia Akuwam, "Twende kwetu. Ukitoka kambini kidogo tu kuna Lopur, na Lopur kuna watoto wengi wako na mbuzi, shule hawajui."

Walipanda lori mpaka Kakuma, wakaenda Lopur, wakaigiza.

Mchezo wenyewe waliutunga kwa machozi. Akuwam aliigiza msichana anayeteswa: anaamka kabla ya kila mtu, anachota maji kwenye kisima cha laga, yaani mto mkavu, anachunga mbuzi, anafukuza fisi kwa fimbo, anakamua, hachoki, hapotezi hata mbuzi mmoja. Madut, kwa mara ya kwanza maishani, aliigiza baba katili. Alinguruma, "Hutaenda shule!" Hapo ndipo watu walitakiwa kulia.

Watu walipiga makofi.

Akuwam akadhani hawajaelewa, akaongeza mateso. Akabeba kuni na maji pamoja, akafukuza fisi mwingine. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akasimama, akamwelekea Madut kwa heshima zote.

"Baba wa huyu msichana, mimi niko tayari kwa mazungumzo. Nina ngamia."

"Mzee, huu ni mchezo," Madut akasema.

"Sawa, hata mimi sina haraka. Lakini hawa wengine wakikupa kitu, usikubali kabla hujaniona."

Mwingine akauliza kwa huruma ya kweli, "Na hiyo shule, mnataka kumpeleka kwa nini? Msichana kama huyu amekosa nini?"

Madut akainama, akamnong'oneza mwenzake, "Msee, tumeoza. Tumewatengenezea tangazo la utumwa."

"Wewe ndiye uliandika fisi wa pili."

"Fisi wa pili ulimleta mwenyewe!"

Watu walipotawanyika, msichana mmoja hakuondoka. Aliitwa Nakaale, na kila mtu wa Lopur alijua kwamba hakuna mchungaji mdogo aliyemfikia. Alisoma masikio ya mbuzi: akiona jinsi sikio lilivyokatwa, anakwambia ni wa boma gani. Sasa alikuwa ameyakazia macho maandishi kwenye kifua cha Akuwam.

"Hiyo alama ni ya boma gani?" akauliza. "Mwenye wewe ni nani?"

"Wafadhili," Madut akajibu.

Akuwam hakucheka. Alichukua kijiti, akaandika mchangani, akamweleza kwamba alama hii inasema *na*, hii inasema *ka*, na hizi zote pamoja ni yeye, Nakaale. Mtoto alitazama jina lake mpaka mbuzi wakaanza kulia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Mimi nataka hizo zote."

Ndipo wakaenda kumwona baba yake. Mzee Ejore alikuwa amekaa mbele ya boma lake, na pembeni mdogo wake, Lotiir, alikuwa anacheza bao la vishimo vya mchangani. Huyo Lotiir alikuwa mwanaume mzima, mwenye afya na meno yote, na kazi yake maalumu maishani ilikuwa hilo bao.

"Ejok, Apa," Akuwam akasalimu kwa adabu ya binti anayemwita mzee baba.

"Ejok-noi. Unagombea kiti gani?"

Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na mtu yeyote mwenye fulana ya maandishi alikuwa anagombea kitu. Akuwam akaeleza kwamba hagombei. Anaomba Nakaale aende shule itakapofunguliwa Januari.

Ejore alimtazama kama mtu aliyeombwa jicho. "Mchukue kaka yake. Yule anapoteza mbuzi."

"Kaka yake tayari yuko shule, Apa."

"Unaona? Sasa huyu akienda, mbuzi watachungwa na nani? Hiyo haki yenu inachunga?"

"Nitachunga mimi."

Lotiir aliacha bao. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu kiangazi kikuu. Ejore naye alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akauliza kwao ni wapi. Akuwam akamwambia, na kwa kuwa hajui kuficha jambo, akamwambia pia fisi wa Lokori walivyoshiba.

"Wewe ndiye utachunga!" Ejore akafuta machozi. "Haya. Mtoto aende. Lakini sikiliza, mwalimu. Siku mbuzi mmoja tu atapotea, Nakaale anarudi kwenye mbuzi, na wewe unarudi Lodwar, na neno la shule halisemwi tena katika boma langu."

Wakakubaliana. Na bahati ikaingilia kati: chuo kilitangaza kwamba hakitafunguliwa mpaka uchaguzi wa Machi upite.

Januari 2013 Nakaale aliingia darasa la kwanza, magoti yake yakigusa dawati kutoka chini, amezungukwa na watoto wanaomfika kiunoni. Akuwam akaingia porini.

Siku za kwanza zilikuwa aibu tupu. Mbuzi wa Lopur wanamjua mgeni kama konda anavyomjua. Walimpeleka walikotaka, wakamchoma kwa miiba ya mathenge, wakamrudisha jioni wakiwa wametimia, yeye ndiye nusu. Madut alikuja kutoka kambini kumsaidia, akitamba.

"Sisi Wadinka ni watu wa ng'ombe. Babu yangu alikuwa anaimbia dume lake!"

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na kadi ya mgao wa unga." Mbuzi dume akamsogelea, na mjukuu wa mwenye dume akapanda juu ya jiwe. "Huyu anataka nini? Akuwam, muulize anataka nini!"

Kutoka kwenye bao lake Lotiir alipaza sauti, "Mwalimu! Hao wamefaulu? Au watarudia darasa?"

"Njoo uwasahihishe wewe, Apa Lotiir. Mkono wako naona umechoka kuhamisha kete."

Lakini mwanamke huyu ana kichwa kigumu, na ugumu huo ndio ninaousifu, kwa kuwa nimeona wengi waliolia kwenye semina na hawajawahi kukaa juani na mbuzi wa mtu. Yale macho yaliyomponza Lokori, yaliyokuwa yanafuata siafu, aliyageuzia mbuzi. Akawachunguza vilevile kama alivyochunguza vichuguu. Akamjua jike mzee anayeanzisha kila utoro, akajua kwamba ukimshika huyo umewashika wote. Akajua nani anapenda maganda ya mgunga na nani anabaki nyuma kwa makusudi. Februari ilipofika, wanawake wa kisimani walikuwa wanamwachia zamu ya maji bila kumcheka, na yule mzee wa ngamia alikuwa amepita tena, safari hii hapakuwa na wa kumwambia kwamba ni mchezo.

Basi ikaja Jumamosi, zaidi kidogo ya wiki moja kabla ya uchaguzi. Shule haikuwa na masomo. Ejore akasema, "Leo mwalimu apumzike. Nakaale achunge mwenyewe, nione kama mtoto wangu bado ni mzima."

Jua lilikuwa linashuka Nakaale aliporudi. Alisimama mlangoni mwa boma, akasubiri mbuzi wote wapite, kisha hakuingia.

Ejore akawapitisha macho. Hakuhitaji kuhesabu. "Yule mwenye doa jeupe yuko wapi?"

"Mbweha."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nakaale alitazama miguu yake. "Hapo hapo kisimani. Mchanga ulikuwa na maji, unaandikika vizuri. Nilikuwa ninaandika majina yao. Nilipofika kwa yule mwenye doa, nikatafuta nimwonyeshe jina lake, nikamkosa."

Mtoto ambaye hakuwahi kupoteza hata mkia alikuwa amepoteza mbuzi mzima. Nakaale akaanza kuvua sare ya shule aliyokuwa ameivaa juu ya nguo zake hata Jumamosi, akaikunja, akamnyooshea Akuwam. Hakulia. Makubaliano aliyajua kuliko wote.

Madut alikohoa, akaanza, "Mzee, kwa mujibu wa haki za..." Akuwam akamkanyaga mguu.

Hakuipokea sare. Alipiga goti mbele ya Ejore.

"Apa, umeshinda. Mbuzi amepotea. Lakini nisaidie jambo moja. Mimi nilipopoteza mbuzi, baba yangu alifanya nini?"

"Si alikupeleka shule."

"Alikosea?"

"Alikosea nini? Mtoto anayeangalia mchanga badala ya mbuzi ni wa nini bomani? Atakumaliza!"

"Na kaka yake Nakaale, ulimpeleka shule kwa sababu gani?"

"Nimekwambia, anapoteza..." Ejore alimtazama Akuwam, akamtazama mtoto, akautazama mchanga kana kwamba ndio uliomsaliti.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama yake Nakaale, kutoka ndani, kicheko kirefu cha mtu aliyekingoja tangu Desemba.

"Mmeniharibia mtoto," Ejore akasema.

"Ndiyo, Apa. Kabisa."

"Hatengenezeki?"

"Mimi nimeshindikana tangu Lokori."

Mzee akatema tumbaku. Ahadi ni ahadi, lakini desturi ni mkubwa wa ahadi, na hakuna mfugaji anayemkabidhi mbuzi wake mtu anayeandika majina yao. "Avae nguo yake," akasema. "Jumatatu aende. Aende na asinikaribie mbuzi." Kisha akamgeukia Akuwam kwa sauti laini. "Na wewe baki hapa. Wewe umepona."

Nadhani hakuna cheti ambacho Akuwam amewahi kupewa kinachofikia sentensi hiyo. Alishukuru, akakataa, alikuwa na chuo, na watoto wa Nawoitorong walikuwa wanausubiri ukuta. "Lakini Apa," akaongeza, "mchungaji unaye."

Wote wakageuka. Lotiir, kete mkononi, akageuka pia kuangalia ni nani aliye nyuma yake. Hakukuwa na mtu nyuma yake.

Uchaguzi ulipita na Akuwam akarudi Lodwar na fulana ambayo sasa ilikuwa na rangi ya mbuzi. Asubuhi ya kuondoka alimsindikiza Nakaale mpaka karibu na shule, kisha akapita kisimani kuaga. Lotiir alikuwa huko na fimbo, anafoka, anatafuta mbuzi mmoja aliyemponyoka asubuhi hiyohiyo. Mama yake Nakaale aliweka mtungi chini, akamwangalia shemeji yake toka kichwani mpaka magotini, akampima kwa mikono hewani mbele ya wanawake wote.

"Mtafute vizuri, Lotiir," akamwambia. "Usipompata, nakushonea kaptula ya shule."

Mbuzi alipatikana kabla ya mchana.